Fuata Njia ya Punda: Kwa Pikipiki Mpaka Ziwa Natron

Pengine wewe unakaa Mtwara, au Kigoma, au Bukoba. Pengine hujafika kule kaskazini, ambako nchi yetu inapakana na Kenya. Mwezi huu twende pamoja. Hatutapita barabara ya lami. Tutapita njia za ng'ombe na punda, kwa pikipiki, kutoka Longido mpaka Ziwa Natron, na kutoka ziwani mpaka karibu na nguzo za mpaka.

Safari yangu ilichukua siku nne. Tulikuwa watu wawili na pikipiki mbili. Mmoja nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa mwenyeji wangu, Mmasai wa wilaya hiyo hiyo ya Longido. Yeye ndiye aliyenionyesha njia. Siku moja sikumsikiliza, nikapata taabu. Habari hiyo pia nitakuambia, maana ndiyo iliyonifundisha zaidi.

KUANZA SAFARI

Mji wa Longido uko kando ya barabara kuu ya Arusha hadi Namanga. Kutoka Arusha ni kama kilometa 80. Hapo ndipo nilipokutana na mwenyeji wangu. Umri wake ni miaka thelathini na kidogo. Ana mke na watoto watatu.

Alinieleza maisha yake kwa maneno machache. Ukame wa mwaka 2009 uliua ng'ombe wengi katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro. Baba yake alibaki na ng'ombe wanne tu. Kijana huyu alichunga mbuzi miaka kadhaa, kisha akauza baadhi yao na kununua pikipiki. Sasa anabeba abiria, magunia ya mahindi, na wagonjwa. Wageni wakifika, anawaongoza.

Kabla ya kuondoka alikagua pikipiki yangu kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Alitazama cheni, akavuta waya wa klachi, akabonyeza tairi. Kisha akaniuliza, "Kaka, una maji kiasi gani?"

Nilimwonyesha chupa mbili.

Alicheka. Alikwenda dukani, akarudi na madumu mawili ya lita kumi kumi. Tukayajaza, tukayafunga nyuma ya pikipiki zetu, kila mtu dumu moja. Akasema, "Petroli ikiisha tutasukuma. Maji yakiisha hatusukumi kitu."

KUSOMA ARDHI

Ukitoka Longido kuelekea magharibi, unaacha lami nyuma yako. Mbele unauona Mlima Kitumbeine, na mbali zaidi Mlima Gelai. Kati ya milima kuna nyika kavu yenye migunga. Njia zimejaa vumbi la majivu ya volkano. Vumbi hilo ni laini kama unga wa sembe. Gurudumu la mbele likiingia humo linacheza huku na huku, na pikipiki inataka kulala.

Mwenyeji wangu alinifundisha mambo matatu, na wewe unaweza kuyatumia popote penye mchanga.

La kwanza ni upepo wa matairi. Kwenye mchanga na vumbi, punguza upepo kidogo. Tairi litatanuka na kukanyaga ardhi kwa upana. Ukirudi kwenye mawe, ongeza upepo kwa pampu. Usipofanya hivyo, mawe yatatoboa tyubu.

La pili ni namna ya kukaa. Mahali pabaya usikae kwenye kiti. Simama juu ya vikanyagio, kunja magoti kidogo, na uache usukani upumue mikononi mwako. Ukiukaza sana, kila shimo litakutupa.

La tatu ndilo kubwa. Alisema, "Kaka, wewe unaangalia njia. Mimi ninaangalia nani amepita."

Sikumwelewa mpaka aliposimamisha pikipiki na kunionyesha chini. Palikuwa na alama za kwato. Kwato za ng'ombe zikizama sana, ardhi ni laini. Zikionekana juu juu, ardhi ni ngumu. Lakini mwalimu mzuri kuliko wote ni punda. Punda hubeba maji mgongoni, na hapendi kuanguka. Kwa hiyo yeye huchagua mteremko mpole, huzunguka tope, na hukwepa mawe yanayoteleza.

"Punda akipita, tunapita," alisema mwenyeji wangu. "Punda akizunguka, tunazunguka."

Usiku wa kwanza tulilala chini ya Mlima Kitumbeine, katika boma la jamaa zake. Nilijifunza kusalimu. Mwanamume humwambia mwenzake, "Supai," naye hujibu, "Ipa." Mwanamke husalimiwa, "Takwenya," naye hujibu, "Iko." Watoto hawasemi kitu. Huja na kuinamisha kichwa, na wewe mkubwa unawagusa utosini. Usiwapite watoto hao kwa haraka. Wanakusubiri.

MLIMA WA MUNGU

Siku ya pili tulipita kati ya Mlima Gelai na Ol Doinyo Lengai. Jina hilo maana yake ni Mlima wa Mungu. Unafikia urefu wa karibu meta 2,960 juu ya usawa wa bahari. Umechongoka kama pia iliyogeuzwa, na ubavuni kuna makorongo meupe.

Huu ni mlima wa volkano ulio hai, tena ni wa pekee duniani. Volkano nyingine nyingi hutoa mawe yaliyoyeyuka yenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Lava ya Lengai ina magadi mengi. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu, na inatiririka kwa wepesi kama maji yenye tope. Inapotoka ni nyeusi. Ikipata unyevu wa hewa, inageuka na kuwa nyeupe. Hakuna volkano nyingine duniani inayojulikana kutoa lava ya namna hii siku hizi.

Mwaka 2007 ardhi ilitetemeka sana huku. Mitetemeko ilisikika hadi Arusha na Nairobi. Mwezi wa Septemba mwaka huo mlima ulilipuka na kurusha majivu juu angani. Majivu yalifunika malisho. Mwenyeji wangu alikuwa bado kijana mdogo. Anakumbuka ng'ombe wakikataa majani, na wazee wakisali.

Chini ya mlima kuna kijiji cha Engare Sero. Karibu na kijiji hicho kuna kitu ambacho kila Mtanzania angepaswa kukisikia. Zamani sana watu walitembea juu ya tope la majivu yaliyotoka mlimani. Tope lilikauka likawa gumu kama jiwe, na nyayo zao zikabaki. Wenyeji waliziona kabla ya wataalamu kufika. Baadaye wataalamu walihesabu nyayo zaidi ya 400, na mwaka 2020 wakatangaza habari zake. Umri wake ni kati ya miaka 5,000 na 19,000 hivi. Kundi moja lilikuwa la watu 17 waliotembea pamoja, na inaonekana wengi wao walikuwa wanawake.

Upande wa magharibi wa ziwa, mahali panapoitwa Peninj, kulipatikana jambo la kale zaidi. Mwaka 1964 Kamoya Kimeu, mwananchi wa Kenya, aliona hapo taya la kiumbe wa jamii ya binadamu wa kale. Kiumbe huyo aliishi zaidi ya miaka milioni moja iliyopita.

Tuliziacha pikipiki mbali, tukaenda kwenye nyayo kwa miguu. Nilisimama kando ya unyayo mmoja. Niliona kisigino na vidole vyote vitano. Unyayo ule umedumu maelfu ya miaka. Tairi la pikipiki lingeweza kuuharibu kwa dakika moja.

KOSA LANGU

Siku ya tatu tulizunguka na kupita upande wa mashariki wa Ziwa Natron, chini ya Mlima Gelai.

Ndugu msomaji, usidhani ziwa hili ni kama Ziwa Victoria au Ziwa Tanganyika. Natron ina urefu wa zaidi ya kilometa 50, lakini kina chake hakifiki hata meta tatu. Maji yake yana magadi na chumvi nyingi. Hayanyweki, na yanawasha ngozi. Ziwa hupata maji kutoka Mto Ewaso Ng'iro wa Kusini, unaotoka Kenya, na kutoka chemchemi za moto. Maji huingia, lakini hayana mahali pa kutokea. Jua huyakausha, na magadi hubaki. Ndiyo maana ukingoni kuna ganda jeupe, na mahali pengine jekundu.

Ukali huo wa ziwa ni baraka kwa heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi ambao wengine huwaita flamingo. Fisi na mbweha hawawezi kuvuka tope lile. Kwa hiyo heroe hujenga viota vya udongo katikati ya ziwa, na kila jozi hutaga yai moja. Wataalamu wanakisia kuwa robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima huzaliwa hapa Natron. Mwaka 2001 Tanzania iliingiza eneo hili katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zenye kulindwa, inayoitwa orodha ya Ramsar.

Basi tulifika mahali ambapo njia ya punda iliacha ukingo wa ziwa na kupanda kwenye mawe. Ilikuwa inazunguka ghuba ndogo. Mbele yetu, ng'ambo ya ghuba, niliiona njia ile ile ikiendelea. Kuzunguka ilikuwa kama kilometa saba. Kukata moja kwa moja juu ya ganda jeupe hazikufika mbili. Tena niliona alama za pikipiki nyingine zimekata pale pale.

Nilimwambia mwenyeji wangu, "Wenzetu wamepita hapa."

Alitikisa kichwa. "Punda hajapita," alisema.

Jua lilikuwa kali. Mikono ilikuwa inaniuma kwa kushika usukani. Nikaona saba ni nyingi na mbili ni chache. Nikatia gia, nikaingia.

Meta mia mbili za kwanza zilikuwa nzuri kama lami. Nilifurahi, nikaongeza mwendo. Kisha nilisikia sauti kama ya kuvunja ukoko wa ugali chini ya sufuria. Gurudumu la mbele lilizama. Pikipiki ilisimama ghafla, nami nikaruka juu ya usukani, nikaangukia tope. Mguu wa kulia uliingia hadi gotini. Maji ya magadi yalijaa ndani ya buti, na mengine yakanirukia machoni.

Mwanzoni sikusikia maumivu. Baada ya dakika chache macho yalianza kuwaka na mguu ukawa kama umemwagiwa pilipili. Pikipiki yangu ilikuwa imelala ubavu. Dumu lililofungwa nyuma lilikuwa limepasuka. Lita kumi za maji safi zilikuwa zinaingia katika ziwa lisilonyweka.

Mwenyeji wangu hakuja mbio. Alikuja polepole kwa miguu, akipima kila hatua kwa fimbo yake. Alinivuta mkono, akanirudisha mahali pagumu. Hakusema neno la lawama. Alifungua dumu lake, akaniosha macho kwa maji mengi, kisha akaniosha mguu. Nilimwambia, "Acha, ndugu yangu, tubakize ya kunywa." Alijibu, "Macho kwanza."

Alifanya vizuri. Kumbuka jambo hili. Magadi makali yakikuingia machoni au yakikaa kwenye ngozi, osha kwa maji safi mengi, bila kungoja. Usisugue. Kisha nenda zahanati.

Kuitoa pikipiki kulichukua saa tatu. Tulikata matawi makavu na kuyatandika chini ya magurudumu. Tukafunga kamba. Yeye alivuta, mimi nikasukuma. Tulipomaliza, maji yaliyobaki yalikuwa kama lita mbili.

Ndipo aliponionyesha zile alama za pikipiki nilizoziamini. Tulizifuata kwa macho. Ziliishia hatua chache mbele ya shimo langu, kwenye shimo jingine la zamani lililokauka.

"Uliona zimeingia," alisema. "Hukuuliza zilitokea wapi."

MAJI YA MAMA

Jioni tulifika kwenye boma lililo juu ya mteremko. Midomo yetu ilikuwa imekauka. Mwanamke mmoja mzee alitoka nje. Nikamsalimu, "Takwenya." Akajibu, "Iko," akautazama mguu wangu. Aliingia ndani, akarudi na kibuyu cha maji.

Maji yale yalikuwa yametoka mbali. Wanawake wa pale huondoka na punda alfajiri na kurudi jua likiwa utosini. Nilitaka kulipa. Mwenyeji wangu alimweleza kwa Kimasai. Mama alikataa. Alisema mtu mwenye kiu hauziwi maji, lakini aulizwe amepita njia gani.

Nikaambiwa nieleze. Nikaeleza kila kitu, mpaka lile shimo. Wanawake walicheka sana, na mimi pia nikacheka. Kisha mama alinyamaza. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya boma.

Palikuwa na korongo. Lilikuwa na kina cha kiuno cha mtu, nalo lilishuka moja kwa moja katika mteremko. Mama alieleza, na mwenyeji wangu akafasiri.

Zamani hapakuwa na korongo. Palikuwa na njia ya punda inayopinda mara nne. Kisha wageni walikuja na pikipiki nyingi, wakati ardhi ilipokuwa mbichi. Hawakuwa na mwenyeji wa kuwaongoza. Walitaka kupanda mteremko kwa nguvu za injini, moja kwa moja, huku wakishangilia. Walipanda na kushuka asubuhi nzima, kisha wakaondoka. Mvua iliyofuata iliingia katika mifereji ya matairi yao. Kila mvua ilichimba zaidi. Sasa korongo limekata njia ya punda mahali pawili. Punda wawili wenye maji wamekwisha kuanguka humo.

Na si punda tu. Usiku mmoja mkwe wa mama huyu alishikwa na uchungu. Pikipiki iliitwa impeleke zahanati. Ilifika ukingo wa korongo ikashindwa kuvuka. Ilibidi mzazi abebwe kwa mikono gizani, ashushwe korongoni na kupandishwa upande wa pili. Walichelewa sana.

Niliuliza, "Mwenye pikipiki alikuwa nani?"

"Mimi," alisema mwenyeji wangu.

Mama alinyosha kidole. Mlangoni alisimama mtoto wa kike wa miaka kama miwili, ananyonya kidole gumba. "Ni huyo," alisema mama. "Alikubali kungoja."

Ndipo nilipoelewa kwa nini mwenyeji wangu anaijua kila pinda ya njia zile. Mgeni akipotea njia mchana, huandika hadithi. Yeye njia hizo huzipita usiku, na nyuma yake kuna mtu anayeugua.

Asubuhi ya siku ya nne hatukuondoka mapema. Mimi na mwenyeji wangu, na vijana watatu wa boma, tulibeba mawe. Tulipanga mawe kukata korongo mahali pawili, ili maji ya mvua yapunguze mwendo na mchanga utuame nyuma yake. Tuliifunga njia iliyonyooka kwa matawi ya miiba, na kuifungua tena ile inayopinda. Kazi ile haikumaliza korongo. Lakini vijana walisema wataongeza safu nyingine za mawe kabla ya masika. Maarifa haya wewe pia unaweza kuyatumia kijijini kwako. Korongo dogo huzibwa kwa mawe na nguvu za watu watano. Korongo kubwa huhitaji trekta, na trekta haiji upesi.

MSTARI USIOONEKANA

Mchana tulielekea kaskazini. Mbele yetu tuliuona Mlima Shompole, ulio Kenya. Tulipozikaribia nguzo za mpaka, mwenyeji wangu alizima pikipiki. Hakuna ukuta, hakuna seng'enge. Nyika ya upande huu ni sawa na nyika ya upande ule.

Mpaka huu ulichorwa na watu waliokuwa mbali. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi zetu. Kutoka pwani mstari ulikwenda mpaka Kilimanjaro, ukazunguka upande wa kaskazini wa mlima, kisha ukanyooka kama uliopigwa kwa rula mpaka Ziwa Victoria. Wamasai hawakuulizwa. Ndiyo maana leo ndugu wa ukoo mmoja wanabeba vitambulisho viwili tofauti. Mwenyeji wangu ana shangazi upande wa Kenya. Wanachota maji katika mto mmoja.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga alikuja kukaa nasi kivulini. Alikumbuka mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka ukafungwa. Ulifunguliwa tena mwaka 1983. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi mwaka 1999. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha Namanga kilifunguliwa rasmi, na sasa msafiri anahudumiwa na maofisa wa nchi mbili mahali pamoja.

Lakini mzee alisema kuwa mfugaji hutazama mvua kwanza. Mvua ikinyesha upande mmoja, ng'ombe wa upande wa pili hunusa majani. Hapo taabu huanza. Mwaka 2017 serikali yetu iliwapiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 kutoka Kenya waliokamatwa wakichungwa Tanzania. Habari hiyo bado inazungumzwa katika maboma ya pande zote mbili. "Majani hayana pasipoti," alisema mzee. "Lakini ng'ombe anayo, nayo ni mwenye ng'ombe. Lazima aende akazungumze kwanza."

Sisi hatukuvuka. Tungeweza kuvuka kwa dakika moja, wala hapakuwa na askari. Lakini mwenyeji wangu alisema, "Wewe utarudi mjini. Mimi nitabaki hapa na maneno." Mgeni akivunja sheria, anayeulizwa ni aliyemwongoza. Tulipiga kona, tukafuata njia za ng'ombe kuelekea mashariki, na usiku tukanywa chai ya maziwa Namanga.

UKITAKA KWENDA

Ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kwenda, kumbuka mambo haya.

Nenda wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Wakati wa mvua udongo huganda kwenye magurudumu, na mifereji ya matairi yako itakuwa makorongo ya wenyeji.

Beba maji ya kutosha, zaidi ya unavyodhani. Yagawe katika vyombo viwili au vitatu. Kimoja kikipasuka, usibaki bila kitu.

Chukua tyubu ya akiba, viraka na solusheni, pampu, plagi, waya wa klachi, spana na kamba. Safisha chujio la hewa kila jioni. Vumbi la huku hula injini.

Vaa kofia ngumu, buti na glavu. Leseni na bima ziwe nawe. Kwenye vizuizi vya ushuru, lipa na udai stakabadhi.

Kama unataka kuvuka mpaka, pita Namanga. Uwe na pasipoti au hati ya kusafiria, na karatasi za pikipiki.

Usiingize pikipiki kwenye ganda la ziwa, wala karibu na nyayo za kale, wala penye viota vya ndege. Piga picha za watu baada ya kuomba ruhusa.

Mwisho, usiende peke yako. Tafuta mwenyeji. Patana naye malipo kabla ya safari, na uhesabu petroli yake, chakula chake, na siku yake ya kurudi nyumbani. Huyo si mtumishi wa kubeba mizigo. Ni mwalimu, na darasa lake ni nyika nzima.

Nilipoagana na mwenyeji wangu pale Namanga, mguu wangu ulikuwa bado mwekundu. Nilimlipa tulivyopatana, nikaongeza bei ya dumu jipya. Alizihesabu fedha, akaziweka ndani ya shuka. Kisha aliinama, akatazama matairi yangu.

"Ongeza upepo," alisema. "Sasa unarudi kwenye lami."